Kisiki Kilichoitikia Salamu

Paukwa!
Pakawa!
Pakawa kinamasi, pakawa matete, pakawa na jicho lisilopepesa.

Ka-ka-ka-ka-ka! Sauti moja tu, usiku, kisha kimya. Asubuhi samaki mmoja hayupo.

"Ni yule," walinong'ona wakubwa. Jina hawakulitaja. Ukilitaja, walisema, humalizi siku.

Chura akatazama kushoto: matete. Akatazama kulia: matete, na kisiki cha kijivu. Jana kisiki kilikuwa kule. Leo kiko hapa.

"Shoga," akamwambia Kamongo, "kisiki kile kinatembea."

"Wasiwasi wako tu! Kisiki na miguu wapi na wapi?"

"Basi usipande juu."

"Nisipopanda nitavuta pumzi wapi? Mimi si kama samaki wengine, maji peke yake hayanitoshi."

Kamongo akapanda, polepole, akatoa pua. Kisiki kikaanguka, chubwi! Kikainuka, kumbe ni ndege, na mdomo mpana kama kiatu cha askari, na mdomoni mkia wa Kamongo unapapatika.

Chura afanyeje? Akimbie? Shoga yake analiwa. Apigane? Yeye ni tonge moja. Ndipo akakumbuka maneno ya bibi yake: "Ndege wale wana kiburi cha adabu. Ukiwainamia, lazima nao wainame na kugonganisha mdomo."

Akainama. "Shikamoo, bwana mkubwa!"

Jicho halipepesi.

Akainama tena. "Shikamoo, mheshimiwa!"

Shingo ikatetemeka.

Akainama mpaka pua ikagusa tope. "Shikamoo, babu! Au nikamsalimu mwenzako wa ng'ambo? Yule kalelewa."

Kalelewa! Ndege akainama, akagonga mdomo: ka-ka-ka-ka-ka!

Chubwi! Kamongo huyo, kazama topeni.

"Marahaba," akasema ndege, mdomo mtupu.

Hadithi imezama, yamebaki mapovu. Funzo lake, watoto: kisiki ni kisiki, msikishuku kamwe. Na salamu ni maneno tu, haijawahi kumwokoa mtu.

Lakini vyura hawasikii mafunzo. Mpaka leo, kivuli kikisimama kimya mateteni, wao hukiinamia kwanza. Nacho kikiinama, bwawa zima hupaza jina ambalo bibi zao walilimeza:

"Korongo! Korongo! Korongo!"