Kamba ya Kumtoa Vuai

Kamba ya makumbi ya nazi ilikuwa imefika nusu. Ncha moja ilifungwa kwenye nguzo ya ukumbi, nyingine aliishika Simai, na Bi Mboja, bibi yake, alikaa katikati akiongeza nyuzi alizopewa na Subira. Mkono wa Simai ukalegea, kamba ikaanza kufumuka.

Bibi akamwuliza amekula nini. Subira akamjibia: kaka yake hajala tangu jana. Wiki ijayo anashuka kisimani kwa mara ya kwanza, anaogopa tumbo lisije likamkwamisha mbele ya watu.

"Wembamba hutia kisimani, nguvu hutoa," akasema Bibi.

Wakamwambia wameisikia methali hiyo tangu utotoni, lakini hakuna aliyewaeleza ilikotoka. Bibi akasimulia bila kusimamisha mikono.

Methali hii ilianza hivi.

Kisima chetu kilichongwa kwenye jiwe. Mdomo wake ni mwembamba, ndani kinapanuka, na ukutani mna vidato vya kushikia na kukanyagia. Kila kiangazi mtu mmoja hushuka kutoa tope. Zamani alishuka bila kamba. Kamba ilikuwa ya ndoo tu. Kazi hiyo ilikaa katika nyumba moja, na wakati wa ukame nyumba hiyo ndiyo iliyoteka maji kwanza. Lakini kila mwaka wazee walimpima mfukuaji: alijitumbukiza mdomoni mwa kisima mpaka kwapani. Akipita, kazi ilibaki kwao. Akikwama, ilikwenda nyumba nyingine. Hapakuwa na kipimo kingine.

Enzi zile mfukuaji alikuwa Vuai Mcha. Mwaka mmoja aliumia mguu, akakaa ndani masika yote. Majirani walimpelekea sahani, naye alikula kama alivyokula siku za kazi, ila kazi hakufanya. Mguu ulipopona, alikwenda peke yake kujijaribu. Akakwama kiunoni.

Hakumwambia mtu isipokuwa mkewe, Mize. Akaacha kula. Mchana maji ya ndimu, jioni kipande cha muhogo. Mize alimwonya kwamba hakuwa akipoteza tumbo peke yake, mikono nayo ilikuwa ikiisha. Vuai akasema mikono haikwami.

Siku ya kipimo alipita bila kugusa jiwe. Wazee wakaridhika. Ngwali, mtani wake, ambaye nyumba yake ndiyo ingepewa kazi, akasema mwaka huu wametumbukiza uzi bila sindano. Watu wakacheka. Vuai akashuka.

Alijaza ndoo, Ngwali akavuta, mpaka tope likaisha. Chemchemi ikafunguka, maji yakaanza kupanda kama ilivyo kila mwaka. Hapo ndipo mfukuaji hutoka, maana kisima kikijaa hupita kimo cha mtu. Vuai akapanda vidato vichache, mikono ikaachia, akaanguka majini. Akajaribu tena. Safari hii hakufika hata pale alipofika mwanzo.

"Mtani, mbona hutoki?" Ngwali akauliza.

"Napumzika."

"Maji yamekufika wapi?"

"Kifuani."

"Shika kamba ya ndoo."

"Itakatika. Niitie Mize."

Mize alipoambiwa hakupiga kelele. Alifumua kamba ya kitanda chake, wanawake wa jirani wakafumua za kwao, wakazisokota pamoja pale pale mdomoni pa kisima. Kamba ilipomfikia Vuai, maji yalikuwa kidevuni. Akaipitisha kwapani, wakamvuta, akalazwa juu ya jiwe, akihema.

Mzee mmoja akasema haelewi, mtu huyu kipimo alipita.

"Alipita kuingia," Mize akasema. "Wembamba ndio uliomtia. Nguvu ya kumtoa hamkuipima."

Baadaye wazee walikubaliana kwamba Vuai ajaribu mwaka mmoja tena. Akishindwa, kazi iende kwa Ngwali.

Mwaka ule Mize hakumjazia sahani wala hakumwachia tupu. Muhogo kidogo, kunde na samaki zaidi. Vuai naye alibeba mawe ya ua kila siku, na kila asubuhi alining'inia kwenye boriti ya nyumba akijivuta, mpaka vumbi la makuti likamwangukia usoni. Tumbo lilipungua polepole, mabega yakajaa.

Kiangazi kilipofika, mdomo wa kisima ulimchubua mabega. Akapita hivyo hivyo. Alipomaliza tope alipanda mwenyewe, kidato kwa kidato, na ile kamba ya vitanda, ambayo Mize alitaka afungwe kiunoni, ikawa imelegea njia nzima.

"Mmenishikisha kamba bure," Ngwali akalalamika.

"Ishike tu," Vuai akasema.

Tangu hapo hakuna anayeshuka kabla ya kamba ya mtu kusokotwa, na kila mwaka husokotwa mpya.

Hapo Bi Mboja akamaliza hadithi. Subira alikuwa ameshaingia jikoni. Akatoka na sahani ya muhogo na dagaa, akaiweka mbele ya kaka yake. Simai akaitazama, kisha akaitazama kamba, ambayo ingefungwa kiunoni mwake. Akanawa mikono, akala.

Jua lilikuwa limeshuka na nyuzi hazikuonekana vizuri tena. Bibi akaifunga ncha kwenye nguzo isifumuke.

"Iache hapo. Iliyobaki ya kesho," akasema.

Kabla ya kuingia ndani Simai alinyoosha mikono, akaishika boriti ya ukumbi, akajivuta mara moja, kwa shida.

"Wembamba hutia kisimani," akasema.

"Nguvu hutoa," Bibi akamalizia. "Na hiyo pia ya kesho. Kalale."