Hema la Ngiri na Pango la Pimbi

Ngano yangu ina kwato!
— Na ikanyage!
Ina na mkia!
— Na upepee!

Haya. Lakini kabla sijaanza, anayejua tangu sasa kwamba hataamini, ainuke akalale. Ndiyo, wewe hapo unayetabasamu. Shule niliiacha kabla haijaniacha, lakini hili nalijua kuliko walimu wako wote: Pimbi, mnyama wa kubebwa kwa mkono mmoja, hana pembe, hana mkia, alimbebesha Ngiri mizigo mpaka kileleni, na hakumlipa hata jani. Bisheni! Mkichoka nitaendelea.

Mmechoka? Vizuri.

Pimbi huyo aliishi pangoni, chini ya mlima Nundu, yeye na bibi yake na ukoo mzima. Pango lenyewe dogo, lakini mvua hailijui na baridi hailijui. Sasa, kila mwaka masika yakiisha, wanyama walipanda Nundu kulala kileleni, waamke walione jua kabla ya walio bondeni. Pimbi hakuwahi kwenda. Basi kila akifika kisimani ni kicheko:

"Mtoto wa chini kaja! Mpisheni, asije akatoka nje akapotea!"

Mwaka huo Pimbi akasema, "Nakwenda. Mtanikoma."

Akaenda dukani kwa Ngiri.

Ngiri alikuwa na mwili kama gogo, na meno mawili yaliyojikunja nje ya mdomo. Alikuwa na tamaa pia, ila hiyo haikupata pa kujikunja.

"Dogo," akasema Ngiri, "mlima haupandwi kwa miguu. Unapandwa kwa vifaa. Hema unalo?"

"Sina."

"Mfuko wa kulalia unao?"

"Sina."

"Godoro la kupuliza? Jiko la gesi? Tochi ya kufunga kichwani?"

"Sina, sina, sina."

"Basi utakufa," akasema Ngiri kwa upole, kama anayekaribisha mtu chai.

"Na bei yake?"

Ngiri akautazama mlima. "Pango lenu. Mwenye hema ana haja gani na pango?"

Pimbi akarudi nyumbani mbio, pu-pu-pu-pu. Akamkuta bibi yake mlangoni anatafuna tunda, akamweleza habari ya hema na bei yake.

"Bibi, ninunue?"

"Mjukuu wangu, umeshawahi kulala nje?"

"Bado."

"Sasa umejuaje kama utapenda? Ukichukia, hilo hema tutaingia sote? Na mjomba wako alivyo mnene?" Bibi akatema ganda. "Na huyo muuzaji, mali yake ameshailalia?"

Pimbi akakumbuka. Tangu azaliwe, kila jioni humwona Ngiri akirudi kulala. Hufika kwenye shimo lake, hugeuka, huingia kinyumenyume, makalio yakitangulia, meno yakibaki mlangoni kulinda. Ndivyo ngiri wote wanavyolala, ndivyo mama zao walivyowafunza. Mbele kwa mbele hawaingii popote.

Pimbi akacheka peke yake. Hi hi hi.

Asubuhi akarudi dukani.

"Kaka mkubwa, nanunua. Ila mimi mambo haya ni mgeni. Wewe umeshalala kileleni?"

"Mimi?" Ngiri akavimba. "Nimelala vilele ambavyo bado havijapewa majina!"

"Basi twende leo unionyeshe, mimi nitazame. Vifaa vikifika asubuhi vizima, pango ni lako. Kikiharibika hata kimoja, hatujuani."

"Kiharibike? Mali ya Ngiri? Dogo, kamwambie bibi yako aanze kufunga virago!"

Wakaanza safari.

"Kaka, begi hubebwaje?"

"Tazama, mjinga wewe." Akalibeba.

"Na jiko hubebwaje?"

"Tazama." Akalibeba.

"Na maji? Na unga? Na hii blanketi ya bibi?"

"Tazama!"

Pimbi akatazama. Alitazama mlima mzima, mikono nyuma, akipiga mbinja. Huku nyuma Ngiri anahema, hhh! hhh! Wanyama njiani wakauliza, "Pimbi, vifaa vyako viko wapi?"

"Vinakuja," akajibu. "Vina miguu yao."

Wakafika kileleni.

"Kaka, hema husimamishwaje?"

"Tazama." Ko! ko! ko! Vigingi vikaingia ardhini, hema likasimama.

"Na ugali hupikwaje juu ya jiko hili?"

"Tazama." Songa, songa, ugali ukaiva.

"Na huliwaje?"

"Taza—"

"Hapana, hiyo naijua," akasema Pimbi, akala.

Jua likazama. "Sasa kaka, hulalwaje humo?"

Ngiri alikuwa hoi. Kichwa kilikuwa kimechoka kufikiri, miguu ikajiamulia yenyewe, ikakumbuka kwao. Akageuka. Akaingia kinyumenyume!

Makalio yakasukuma: ufito wa kwanza, ka! Wa pili, ka! Mkia ukatoboa nyuma, pu! Akajitia kwenye mfuko wa kulalia, akavuta zipu, zzziii, ikaja ikang'ata jino la kushoto. Akalivuta jino. Chwaaa! Mfuko ukachanika. Jino la kulia likalipata godoro, fyuuuuu. Hema lote likamwangukia, pwaa!

Pimbi akainama kuchungulia.

Halafu sauti ikatoka chini ya kitambaa: "Ndivyo... ndivyo kunavyolalwa."

"Nimeona, kaka. Sinunui."

"Dogo! Dogo, nifungue kwanza!"

"Hatujuani."

Pimbi akapanda juu ya jiwe tupu, bila hema, bila mfuko, akaupigia upepo kelele: "Mimi Pimbi! Mkia sina, hema sina! Njoo basi!" Upepo ukaja, vuuuu. Pimbi akatunisha kifua. Na jua lilipochomoza lilimkuta kileleni. Pango likabaki la bibi, na kisimani hakuna aliyethubutu tena kumwita mtoto wa chini.

Kwato zimechoka, mkia umelala. Aliyeipenda ngano aende nayo kwao, aliyeichoka aiache hapa hapa.

Na funzo lake ni hili, lishikeni: ukitaka kupanda mlima kwa mara ya kwanza, nunua kila kitu kabla hujajua unachokihitaji, na mwamini muuzaji kuliko bibi yako.

Mbona hamwondoki? Na wewe uliyetabasamu, mbona unatabasamu tena?

Haya, haya. Kuna kipande nimekiruka. Jiwe lile alilipanda kweli, na kelele alipiga kweli. Lakini pimbi hulala wamerundikana, bibi juu ya mjomba, mjomba juu ya watoto, na huyu hakuwahi kulala peke yake tangu azaliwe. Blanketi ya bibi ilikuwa begini, na begi lilikuwa chini ya Ngiri. Giza halijakolea sawasawa, meno yakaanza kumgonga, ka-ka-ka-ka. Akashuka. Akatambaa chini ya lile hema lililoanguka mpaka akagusa mbavu za Ngiri, zina joto kama jiko.

"Nani huyo?" akauliza Ngiri.

"Upepo."

Ngiri akajisogeza kidogo.

"Upepo," akasema, "sogea huku. Upande huo umetoboka."