Matuta Yaliyokwenda Kombo

Mwaka huo mvua iliruka bonde zima, na juu ya ukame vikaja vita: mbwa mwitu walikuwa nyuma ya kilima, wakinusa. Ghalani kwa Mfalme Simba yalibaki magunia machache ya mbegu. Zikiliwa hizo, mvua ikirudi hakuna cha kupanda.

Vibarua watatu wa shamba lake, Fuko, Nungunungu na Bi Sungura, wakaunda jeshi la siri. Mchana walilima, jioni walichimba mashimo, wakayafunika kwa fito na udongo, juu wakainua matuta kama ya viazi. Waliapa kutomwambia yeyote, hata wa nyumbani.

"Wenzako wanalinda mpaka, wewe unaniletea matope kwenye kucha," mke wa Fuko alimwambia. "Mwanamume gani wewe?"

Fuko akaendelea kula mchicha wake.

Fisi, aliyelijua jembe kwa jina tu, alipata fununu za jeshi hilo. Akajitokeza barazani, mkanda kiunoni. "Mfalme, kamanda wao ni mimi. Wapiganaji wangu wana njaa. Nipewe mbegu."

"Wapiganaji gani?" Nungunungu akauliza, miiba imemsimama.

"Siri."

"Wako wapi?"

"Siri pia. Au wewe mpelelezi?"

Simba, asiyependa kuonekana hajui jambo, akatikisa manyoya. "Mimi nawafahamu wote. Apewe!"

Hebu fikiria! Wenye jeshi wamekaa pale pale, wamefungwa midomo na kiapo chao wenyewe, na mwizi anashibia jina lao.

Ikawa kitambi kinatangulia, Fisi anafuata. Gunia lilipobaki moja, Bi Sungura akasimama barazani. "Mfalme, tumemkosea kamanda. Mtu mzito hivi analala nyuma ya ghala kama kuku! Apewe kambi ukingoni mwa shamba, mbele kabisa, na gunia la mwisho alilinde yeye."

"Dada, usijisumbue..."

"Kaka, heshima yako hiyo!"

Baraza likapiga makofi. Angekataaje?

Mbwa mwitu walipovamia, Fisi alibeba gunia akakimbilia nyumbani, akikatisha shamba. Matuta yote yalikatiza mteremko wa shamba ili kukinga maji, isipokuwa machache yaliyoteremka nao. Kibarua yeyote angeshtuka: nani analima hivyo, maji yaondoke na udongo? Ndiyo ilikuwa alama ya mashimo. Kamanda akapita hapo hapo. Pu! Mbwa mwitu waliomfukuza wakamwangukia juu, mmoja baada ya mwingine. Waliosalia wakageuza mikia.

Bi Sungura akachungulia shimoni. "Kamanda, hukuyajua mashimo ya jeshi lako?"

"Ni... siri," Fisi akaguna, tako la mbwa usoni.

Gunia lilitolewa zima.

"Nani kachimba?" Simba akauliza, kisha haraka haraka: "Najua. Nawapima tu."

Vibarua watatu wakarudi kwenye majembe yao. Mke wa Fuko alizitazama kucha za mumewe, akazitazama tena. Jioni alimtengea maji ya moto ya kunawia.