Mfagiaji wa Barafu

Wapendwa, huko Kanada, ambako maji ya ziwa hugeuka sakafu, wana mchezo uitwao kurling. Mtu hulisukuma jiwe zito la itale juu ya barafu, na wenzake wawili hukimbia mbele ya jiwe hilo wakifagia, ili lifike mbali, kwenye duara lililochorwa mwisho. Ufagio ukiligusa jiwe, jiwe huondolewa. Lakini sikilizeni desturi yao: anayetangaza kwamba limeguswa ni yule yule aliyeligusa. Hangoji filimbi. Husimama akasema, "Ni mimi."

Basi palikuwa na mfagiaji mmoja, mtu mzima, ambaye magoti yalikwisha kumpa onyo. Mwaka huo timu yake ilipata nafasi katika mashindano ya taifa. Nafasi hiyo aliitamani tangu ujana wake, naye alijua haitarudi. Ili wanyooshe viungo, wakaenda kwanza kucheza mashindano madogo ya mji wa jirani, ya kujipima nguvu tu. Wapinzani wao walikuwa wazee wa mji ule, na bibi mmoja mwenye miwani aliwapokea kwa kicheko: "Karibuni, mabingwa! Ukumbi wetu una vumbi kweli, afadhali mmekuja na fagio zenu!"

Wakacheza. Jiwe la mwisho lilipokuwa likienda, ufagio wake uliligusa. Ulikuwa mguso mwepesi mno, lakini aliuhisi mkononi. Akanyamaza. Jiwe likatulia katikati kabisa ya duara, wazee wakashindwa. Yule bibi akampa mkono: "Umefagia vizuri, mwanangu."

Katika chumba cha kubadilishia nguo, mfagiaji mwenzake alimsogelea.

"Uliligusa."

"Nani kaona?"

"Mimi nimeona."

"Wewe si mwenzangu, bwana? Halafu haya ni ya kujipima tu. Tukifika kule kwenyewe, nitasema."

Mwenzake akainama kufungua kamba za viatu.

Siku ya mashindano ya taifa ikawadia. Ukumbi ulijaa watu, na mchezo mzima ukabaki juu ya jiwe moja. Wale wawili walifagia mpaka pumzi zikawakatika, na jiwe likaenda kukaa pale pale palipotakiwa.

"Limeguswa!" akapaza sauti nahodha wa wapinzani, akimwonyesha mfagiaji wetu kwa kidole.

Mwamuzi hakuona kitu. Kwa desturi, neno lilikuwa la mfagiaji mwenyewe.

"Sikuligusa," akasema. Na wapendwa, alisema kweli. Safari hii ufagio ulipita pembeni.

Nahodha wake akamtazama, kisha akamgeukia yule mwenzake. "Wewe ulikuwa ubavuni pake. Nilipokee neno lake?"

Mwenzake hakuwa ameona. Macho yake yalikuwa mbele. Angeweza kusema, "Lipokee, mtu huyu namjua." Lakini shida ndiyo hiyo: alimjua. Akainamisha kichwa, akaitazama barafu.

"Jamani, leo nasema kweli!" mfagiaji akalia.

"Leo?" nahodha wake akauliza.

Akaliondoa jiwe kwa mguu wake mwenyewe.

Je, mtu huyu alidhulumiwa? Naam, alidhulumiwa. Jiwe lile lilikuwa safi. Na ni nani aliyemdhulumu? Ni nahodha? Ni mwenzake aliyenyamaza? Au ni yeye mwenyewe, siku ile aliyodhani haihesabiwi?

Sisi nasi tunazo siku tunazosema hazihesabiwi. Mgeni anabisha hodi, tunamtuma mtoto: "Mwambie sipo." Mtoto anakwenda, anasema hupo, na wewe umekaa ndani unakunywa chai. Tunasema hayo ni madogo, ukweli tunauweka akiba kwa siku kubwa. Haya. Siku kubwa itakuja. Utakuwa umelala kitandani, sauti imepungua, na hapo utakuwa na neno la kweli kuliko yote uliyopata kusema. Utamwambia mtoto yule, "Mwanangu, nilikupenda." Naye atataka kuamini. Mungu anajua atataka. Atakutazama usoni, kisha atatazama sakafu.

Wapendwa, siku hiyo hakuna atakayekuuliza wewe. Wataulizwa wale waliokuwa ubavuni pako.