Pimbi Aliyeshika Mkia

Natupa ngano!

— Tupa tudake!

Niitupe chini ama juu?

— Juu!

Mikono iko wapi?

— Hii hapa!

Chausiku, mkono wako uko kwenye sahani ya mihogo, nauona. Utoe. Ngano yangu haidakwi na mkono wenye mafuta. Haya, hiyo inakuja.

Hapo kale wanyama walikuwa na mpira wao. Si huu wetu wa duara. Wao ulikuwa na umbo la papai: ukiudundisha huku, wenyewe unaenda kule. Ulidakwa kwa mikono, ukapigwa kwa miguu, na ukipita katikati ya miti miwili, mashabiki wanapagawa. Kuchezwa, ulichezwa na wachache. Kubishaniwa, ulibishaniwa na wote.

Timu zilikuwa mbili. Nahodha wa Bondeni alikuwa Kiboko. Nahodha wa Majabali alikuwa Pimbi. Pimbi mnamjua? Yule mnyama wa kwenye mawe, kimo cha sungura, masikio mafupi, na nyuma hana kitu. Nimesema hana kitu! Mkia hana, hata wa kuazima.

Kila mwaka masika yakiisha, timu hizo zilicheza mechi moja kubwa. Walioshinda walikunywa maji ya Bwawa kiangazi kizima. Walioshindwa walilamba umande. Sheria hiyo aliitunga Kiboko mwenyewe, na mwaka wa kwanza alishinda, mwaka wa pili alishinda, mwaka wa tatu alishinda. Watoto wa Majabali wakalamba mawe mpaka ndimi zikachubuka. Mama yake Pimbi, bibi wa watu, alimwita mwanawe akamwambia, "Mwanangu, kiangazi kingine cha umande mimi sitakimaliza." Pimbi alikwenda nyuma ya jabali akalia. Ndiyo, nahodha alilia. Mnacheka nini?

Sasa, kulikuwa na sheria moja tu ya kuwafaa wanyonge. Ilisema hivi: timu iliyoshika mkia ndiyo itakayochagua chipukizi wa kwanza. Yaani waliokuwa wa mwisho wachague mchezaji mpya kabla ya wengine, labda na wao watainuka.

Siku ya kuchagua ikafika. Wanyama wakajaa uwanjani, kando ya Bwawa. Refa Korongo akasimama kwa miguu yake miembamba na orodha mdomoni. Chipukizi walikuwa watatu. Wa kwanza Twiga mdogo, ambaye mpira ukiwa hewani hana haja ya kuruka. Wa pili Duma mdogo, ambaye ukisema "yule" ameshapita. Wa tatu Kidimbwi, binti wa Kiboko, mviringo, mpole, ameletwa na mama yake. Huyo hakuna shabiki aliyemtazama mara mbili.

Mashabiki wa Majabali walikuwa hawajalala siku nne kwa ubishi. Nungunungu alisema, "Achukuliwe Twiga! Twiga anadaka juu!" Kicheche akasema, "Achukuliwe Duma! Duma anakimbia!" Nungunungu akasema, "Duma anakimbia, halafu? Mpira atadaka na nani, na vumbi lake?" Kicheche akasema, "Na Twiga akiinama kuokota, utamngoja mpaka kesho kutwa?"

"Timu iliyoshika mkia ijitokeze ichague," Korongo alisema.

Pimbi akajitokeza.

"Fhuuu!" Kiboko akapiga chafya. "Wewe unakwenda wapi? Hebu geuka."

Pimbi akageuka.

"Mkia uko wapi?"

"Sina, mzee."

"Huna mkia, utaushikaje? Sheria inasema aliyeshika mkia. Baina yetu mwenye mkia ni nani? Ni mimi. Nitachagua wa kwanza mimi. Nikimaliza wa kwanza, nitachagua na wa pili. Anayebisha na abishe."

Mashabiki wa Bondeni wakaangua kicheko. Wa Majabali wakanywea. Korongo akaitazama miguu yake miembamba, akautazama mguu wa Kiboko, akaona si vizuri kubisha.

"Basi ushike, mzee," akasema. "Ukiushika nitaandika."

Ah! Mmewahi kuuona mkia wa kiboko? Ni kipande tu, kama ulimi wa mbuzi. Kiboko akageuka aushike kwa mdomo, mkia ukageuka naye. Akageuka tena, mkia ukageuka tena. Akazunguka, mkia ukazunguka. Akazunguka, mkia ukazunguka. Uwanja ukamzunguka, mbingu ikamzunguka, akakaa chini kwa makalio: puu!

Pimbi akamsogelea polepole, kwa adabu zote.

"Shikamoo, mzee."

"Ma... marahaba," Kiboko akasema, macho bado yanaelea.

"Kwa shikamoo nimeshika miguu, ndivyo tulivyofundishwa. Basi na huku niruhusu."

Nyaka! Akaudaka mkia kwa mikono miwili.

"Refa! Nimeshika mkia! Sheria haikusema mkia wa nani!"

Korongo akaficha mdomo ndani ya bawa, mabega yakawa yanatikisika. Alipomaliza kucheka akasema, "Pimbi kashika mkia. Taja jina sasa hivi, maana ukiuachia kabla ya kutaja, zamu ni ya Kiboko."

Jina moja tu! Si kitu kigumu, au siyo? Lakini mashabiki walikuwepo.

"Twiga!" akapiga kelele Nungunungu. "Twiga anadaka juu!"

"Duma!" akapiga kelele Kicheche. "Duma anakimbia!"

"Semeni moja, jamani," Pimbi akasema, "mikono inateleza!"

Kiboko akasimama, hasira zimempanda. Na kiboko akikasirika, mkia wake una kazi yake moja ya kurusha kinyesi, na kazi hiyo haichagui mtu. Para-para-para! Pimbi akapakwa kuanzia nywele mpaka kucha. Akafumba macho. Hakuachia.

Kiboko akaanza kwenda Bwawani, ndi! ndi! ndi! Akifika kwenye kina atazama naye, tuone nani atashika mkia chini ya maji.

"Twiga! Sikiliza, nahodha, mimi mpira huu nimeutazama tangu sijaota miiba!"

"Duma! Huyo anatazama, haelewi!"

"Semeni moja, jamani, mikono inateleza!"

Para-para-para! Ndi! ndi! ndi! Mguu wa mbele wa Kiboko ukaingia majini: chubwi.

"Twiga, na mwaka kesho Duma!"

"Duma, na Twiga asije kabisa!"

Pimbi akafumbua jicho moja, lile lililokuwa safi. Akamwona mama yake amesimama kwenye mawe, anamtazama mwanawe bila kupepesa. Akamwona na mama mwingine, Mama Kidimbwi, anamfuta binti yake masikio na kumwambia, "Usijali, mwanangu. Wasipokuchagua tutarudi nyumbani, utakoga, utalala." Binti alikuwa anajizuia asilie. Alikuwa amekuja na mpira wake mwenyewe wa nyasi, ameukumbatia kifuani.

Pimbi akavuta pumzi.

"Namchagua Kidimbwi!"

Hata Nungunungu alifunga mdomo. Kiboko akasimama, mguu mmoja majini, mitatu nchi kavu.

"Kidimbwi gani?"

"Kidimbwi wako, mzee. Tangu sasa ni wa Majabali. Hongera sana."

"Amelewa!" Kicheche akasema. "Yule hajui hata kudaka!"

"Amepotoka!" Nungunungu akasema. Ndiyo mara ya kwanza wawili hao kukubaliana.

Lakini Pimbi alikuwa anaongea na Kiboko peke yake. "Mzee, mechi inakuja. Ukishinda, sisi Majabali tutalamba umande kama kawaida. Mawe yetu makavu, ila tutajibana mwanao apate nafasi alambe."

Kiboko akafungua mdomo. Kabla hajajibu, ardhi ikatetema. Tindi! tindi! tindi! Mama Kidimbwi huyo anakuja.

"Baba Kidimbwi!"

"Mama, subiri kwanza..."

"Nisubiri nini? Mwanangu alambe umande? Ngozi hii ya kiboko, bila maji siku mbili inapasuka! Wewe huoni, huna macho?"

"Basi nitashindwa makusudi."

"Ushindwe, na mimi nilambe umande? Nilikuja kwako kulamba mawe mimi?"

Kiboko akatazama Bwawa. Akamtazama mkewe. Akishinda, binti anakauka. Akishindwa, mke anakauka, na kukauka kwa mke yule kungekuwa na maneno mengi. Akauliza kwa sauti ndogo, "Sheria hii ya umande, hivi nani aliitunga?"

"Wewe, mzee," Pimbi akajibu kutoka nyuma.

"Ilikuwa ya kijinga sana," Kiboko akasema.

"Sisi tusingethubutu kusema, mzee."

"Korongo! Andika. Bwawa ni la wote, mshindi na mshindwa." Kisha akageuza kichwa. "Sasa niachie mkia wangu."

Pimbi akauachia. Tibwi! Akaanguka majini, akajiosha kinyesi chote. Kisha akaogelea mbali kidogo, pale maji yalipokuwa safi, akanywa. Akanywa tena. Akatoka, akamshika mama yake mkono, akamteremsha mpaka ukingoni. Mama akainama, akanywa muda mrefu. Alipoinuka, kidevu chake kilikuwa kinadondosha maji, akacheka kama msichana.

Mnataka kujua mechi? Najua mnataka, mashabiki nyie! Mpira ulirushwa, ukadunda huku, ukaenda kule, Kidimbwi akaukimbilia kwa moyo wake wote, akateleza, akaukalia. Pwaa! Ukapasuka, na ulikuwa mmoja. Mechi ikaishia hapo, wote wakaenda kunywa maji.

"Mngemchukua Twiga," Nungunungu akalalama.

"Mngemchukua Duma," Kicheche akalalama.

"Wenzangu," Pimbi akasema, "nilichagua Kidimbwi, nikapata Bwawa. Mnataka nini tena?"

Walitaka Twiga, na walitaka Duma. Mpaka leo ukisikia kelele kwenye mawe, ni hao, bado hawajamaliza.

Sasa funzo, maana najua mtaulizwa nyumbani. Ngano hii inatufundisha kuwaheshimu wakubwa wetu, na kamwe tusiwavute mikia. Pia inatufundisha kwamba kabla ya kuamua jambo lolote zito, tuwasikilize mashabiki, wao ndio wanaojua.

Ngano nimeitupa, nanyi mmeidaka. Aliyeidaka akae nayo, iliyomponyoka asinilaumu mimi. Chausiku, mihogo imebaki mingapi?