Mlinzi Aliyesema Hapana

Mtu mmoja alikuwa na sauti ya mama yake ndani ya kompyuta. Jina lake Mcharo, mwalimu mstaafu wa Mbaga, milimani Upare. Mama yake alipoona siku zake zinakwisha alimwita, akamwambia amrekodi. Na kwa pumzi iliyobaki akamnenea baraka mjukuu wake Namkunda, zisikilizwe siku atakayoolewa. Dakika saba tu. Mcharo akazihifadhi, na mama akazikwa.

Namkunda, bintiye Mcharo, alipopata mchumba alikuja nyumbani akaweka programu ya ulinzi katika kompyuta ile. Alimweleza baba yake taratibu: huyu ni mlinzi, ukielekea pabaya mtandaoni atakukataza, nawe umsikie. Mcharo akaitikia vizuri sana. Jamani, kuitikia tunakuweza!

Siku tatu kabla ya harusi aliingia mtandaoni kutafuta nyimbo za harusi za bure. Nia yake ilikuwa njema, tusimwonee. Akaiona tovuti iliyojaa nyimbo, akabonyeza, mlinzi akamzuia: mahali hapa si salama. Akajaribu tena, akazuiwa tena. Mara ya tatu akapandwa na hasira. Yeye aliyefundisha watoto wa kata nzima miaka thelathini na minne, leo akatazwe na kitu kilicho juu ya meza yake mwenyewe? Akatafuta mahali pa kumzima mlinzi, akamzima. Pakawa kimya, naye akafurahi.

Wimbo wa pili ulikuwa haujaisha lilipojitokeza tangazo jekundu, likipiga kelele kwamba kompyuta yake imeshikwa na virusi, abonyeze hapo upesi iponywe. Lo! Mtu yule yule aliyekataa kukatazwa na mlinzi aliyeletwa na binti yake, akamtii mgeni asiyemjua hata jina. Akabonyeza, tena kwa shukrani.

Asubuhi yake hakuna faili lililofunguka. Majina yote yalikuwepo, hata lile aliloliandika kwa mkono wake, Baraka za Mama. Lakini kila alipoligusa yalitoka maneno ya watu waliofunga mafaili hayo, wakidai walipwe kwanza. Na ile flashi aliyopewa na bintiye ili anakili sauti na kuiweka kando, ilikuwa kabatini, haijatolewa hata kwenye karatasi yake. Alikuwa akisema atafanya kesho. Mzee wa watu akakaa pale mbele ya kompyuta akalia, wala hakujificha.

Namkunda alifika mchana. Alijaribu yote aliyoyajua, akawapigia simu wenzake wanaoyajua zaidi, nao wakamwambia maji yamekwisha kumwagika. Hakumgombeza baba yake. Alimuuliza tu kama mlinzi hakumwonya.

“Alinionya, mwanangu,” Mcharo akasema. “Mara tatu.”

Siku ya harusi, saa ya baraka ilipofika, Mcharo alisimama ukumbini ili aseme kwa kichwa maneno ya mama yake. Mwanzo aliukumbuka. Alipofika katikati akapotea, kwa maana tangu msiba hakuwahi kuisikiliza sauti ile. Alijua ipo, na kujua huko kulimtosha. Kila neno alilolishika sasa lilikuwa la kwake, halikuwa la mama. Watu wakangoja. Namkunda naye akangoja, ameinamisha kichwa kupokea. Mwisho Mcharo akaomba radhi mbele ya wote, akaketi, na binti akaenda kwa mumewe bila kauli ya bibi yake.

Nawe unayemsikitikia Mcharo, ni nani nyumbani mwako uliyemnyamazisha kwa kuwa tu alikuambia hapana?