Kibute Mwonja Maji

"Paukwa!"
"Pakawa! Leo usiongope sana."
"Kidogo tu, ya kukoleza. Nije?"
"Njoo, tumekaa!"

Hapo kale, karibu na mdomo wa mto, kamba walikuwa na mji wao kwenye tope laini. Mwonja maji wao alikuwa Kibute, kamba mdogo mwenye sharubu ndefu kumzidi mwenyewe. Kila asubuhi, kabla hajala, alionja maji: chumvi ipo? Baridi imezidi? Akisema hameni, mji mzima unahama. Mwaka mmoja alionja akiwa ameshiba, akawahamishia kwenye mchanga mgumu. Wakachimba, kwaru kwaru! Wakachimba, kwaru kwaru! Mikia ikachubuka, mashimo hayakupatikana. Tangu hapo Kibute alijiita mwenyewe Mheshimiwa Kosa.

Siku moja akaonja, akashtuka. Chumvi imepungua! Mvua imenyesha bara, maji ya mto yanateremka, na kamba wakichelewa watakufa wote. Njia ya kushukia kilindini ilikuwa moja, na Chewa, samaki mkubwa mla kamba, amelala katikati yake, domo wazi. Akipita kamba, hap! Akipita mwingine, hap!

Kibute akamwendea kwa miguu yake yote, na anayo mingi.

"Shikamoo, Bwana Mkubwa."

"Marahaba. Umejileta?"

"Mimi ganda tupu, bwana. Shangazi zangu wanene wote wako mdomoni mwa mto. Lakini usiende. Maji ya kule yamebadilika, yatakudhuru."

"Nani kasema?"

"Nimeonja mwenyewe."

Chewa akacheka hadi tope likatifuka. "Wewe uliyewapeleka wenzako mchangani? Ukisema mabaya, basi ni matamu!"

Kibute aliumia, maana ni kweli. Ila hakubisha.

Chewa akapanda, vuu! Kamba wakajizika topeni, akapita juu yao asiwaone. Kisha wakachomoka, tiki tiki tiki, hao kilindini.

Huku nyuma maji ya mto yakamfika Chewa. Tope likamjaa matamvua, pumzi haipiti. Papatu! Papatu! Akageuka tumbo juu, mkondo ukamrudisha kilindini kama mzigo.

"Kibute," akakoroma, "mbona hukuniambia?"

"Nilikuambia, bwana."

Hadithi imefika. Mkiipenda, ni yenu. Mkiichukia, nilisimuliwa na jirani. Na funzo lake, watoto wangu: msiseme kweli, ni hatari. Chewa aliambiwa kweli tupu, na tazameni ilivyomfanya.